Maskini au Raia? Uhakiki wa Hoja ya Umaskini na Machafuko kwa Mfano wa Shabunda

1. Utangulizi

Katika maandishi yahusuyo nchi zilizokumbwa na vita, hoja iliyozoeleka kuliko zote ni ile isemayo kwamba umaskini huzaa machafuko, na machafuko nayo huzaa umaskini, hata nchi ikawa kama imenaswa katika mtego. Hoja hiyo hufundishwa vyuoni, husikika redioni na hurudiwa katika semina za mashirika mjini Bukavu. Ilitungwa kwa Kiingereza na Kifaransa, lakini humfikia mwananchi wa Kivu ya Kusini kwa Kiswahili. Hapo ndipo inapoacha kuwa shauri la wanauchumi peke yao na kuwa pia shauri la wataalamu wa lugha, kwa sababu anayechagua neno la kutafsiria huchagua pia nani atahesabiwa kuwa mtenda na nani mtendwa.

Makala haya yana shabaha mbili. Ya kwanza ni kuipima hoja hiyo kwa historia ya teritwari moja, Shabunda, ambako umaskini na vita vimekaa pamoja kwa muda mrefu. Ya pili ni kuyachunguza maneno ambayo kwayo hoja hiyo husemwa kwa Kiswahili, na kuyalinganisha na neno ambalo watu wa Shabunda wenyewe walilichagua walipoamua kushika silaha.

Hekima ya Kiswahili yenyewe haina kauli moja juu ya jambo hili. Wahenga walisema kwamba mwenye njaa hana miiko. Hao wangekubaliana na wanauchumi. Lakini walisema pia kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia, na katika methali hiyo ya pili mnyonge si chanzo cha vita bali ndiye anayekanyagwa. Tofauti ya methali hizo mbili ndiyo tofauti inayohojiwa hapa.

2. Hoja na nguvu yake

Watetezi wa hoja hii si watu wa kupuuzwa. Paul Collier na Anke Hoeffler, katika makala yao ya mwaka 2004 kuhusu uroho na manung'uniko katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, walilinganisha nchi nyingi tangu mwaka 1960 na kuonyesha kwamba kipato kidogo, ukuaji hafifu wa uchumi na kutegemea mali ghafi huandamana na hatari kubwa zaidi ya vita. Mwaka 2007 Collier aliliendeleza wazo hilo katika kitabu chake The Bottom Billion, ambamo vita ni mmoja wa mitego minne inayozishika nchi maskini. Benki ya Dunia iliifanya mada hiyo kuwa kiini cha ripoti yake ya maendeleo ya mwaka 2011.

Wengine walitafuta njia ya kuonyesha kwamba umaskini hutangulia na vita hufuata. Edward Miguel, Shanker Satyanath na Ernest Sergenti walichunguza nchi 41 za Afrika kati ya mwaka 1981 na 1999 kwa kutumia mvua kama kipimo. Mvua haisababishwi na vita. Kwa hiyo, mvua ikipungua na uchumi ukaanguka, kisha mapigano yakaongezeka, haiwezi kudaiwa kwamba vita ndivyo vilivyotangulia. Waliona kwamba uchumi ukishuka kwa asilimia 5, uwezekano wa vita katika mwaka unaofuata hupanda kwa nusu. Huo ni ushahidi wenye uzito, na mhakiki mwadilifu hana budi kuukubali.

Hata hivyo, tarakimu moja yaweza kusomwa kwa namna mbili. James Fearon na David Laitin, waliochapisha uchunguzi wao mwaka 2003, nao waliona kwamba nchi zenye kipato kidogo ndizo zenye vita zaidi, lakini maelezo yao yalikuwa mengine kabisa. Kwao, kipato kidogo ni dalili ya dola isiyo na askari wa kutosha, isiyo na barabara na isiyojua yanayotendeka vijijini. Katika usomaji wa kwanza, maskini huasi kwa sababu hana cha kupoteza. Katika usomaji wa pili, mwenye bunduki hustawi kwa sababu hakuna wa kumzuia. Usomaji wa kwanza unamtazama mwanakijiji. Wa pili unaitazama serikali. Wanaoieneza hoja hiyo kwa Kiswahili hutoa mara nyingi usomaji wa kwanza tu.

3. Duara ndani ya kipimo

Kabla ya kufika Shabunda yafaa kuangalia kipimo chenyewe. Tangu mwaka 2005 taasisi ya Fund for Peace ya Marekani imekuwa ikitoa orodha ya nchi zilizoshindwa. Mwaka 2014 jina lilibadilishwa, zikawa nchi tete. Kila nchi hupewa alama katika viashiria 12, kila kimoja kuanzia 0 hadi 10. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imekaa karibu na kilele cha orodha hiyo mwaka baada ya mwaka.

Miongoni mwa viashiria hivyo 12 kuna kudorora kwa uchumi, kukosekana kwa usawa katika maendeleo na hali ya huduma za umma. Maana yake ni kwamba umaskini umekwisha kutiwa ndani ya fasili ya utete. Mtu akichukua orodha hiyo, kisha akatangaza kuwa amegundua uhusiano mkubwa kati ya umaskini na utete, atakuwa amegundua alichokiweka mwenyewe. Ni sawa na kulifasili neno kwa neno lile lile, kosa ambalo mwanafunzi wa leksikografia hukatazwa katika mwaka wake wa kwanza.

Ndani ya Kongo yenyewe uhusiano huo haunyooki. Uchunguzi wa kitaifa wa kaya wa mwaka 2005 ulikadiria kwamba watu 71 kati ya kila 100 nchini walikuwa maskini. Katika jimbo la Équateur la wakati ule walikuwa karibu 94, Bandundu 89, Kivu ya Kusini 85, na Kivu ya Kaskazini 73. Iwapo umaskini ndio mzazi wa vita, basi kitovu cha vita kingekuwa Mbandaka wala si Goma. Équateur ilipata machafuko makali ya Dongo mwaka 2009, lakini hayakudumu wala hayakuzaa makundi kwa makumi kama ilivyotokea mashariki. Nje ya Kongo, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani mwishoni mwa miaka ya 1980, lakini haikuingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Umaskini peke yake, basi, hautoshi kuwa sababu.

4. Shabunda: mfuatano wa matukio

Shabunda ndiyo teritwari kubwa kuliko zote za Kivu ya Kusini. Ukubwa wake unazidi kilomita za mraba 25,000, karibu sawa na nchi nzima ya Rwanda, na sehemu kubwa ni msitu. Wenyeji wake wengi ni Warega. Kabla ya ukoloni hawakuwa na mfalme mmoja. Utaratibu wa jamii ulishikwa na chama cha Bwami, ambacho Daniel Biebuyck alikieleza kwa kina katika kitabu chake Lega Culture cha mwaka 1973. Mtu alipanda kutoka daraja hadi daraja, na kilele kilikuwa kindi. Na ili apande ilimpasa akusanye mali kwa msaada wa ukoo wake, kisha aigawe. Heshima ilitokana na kutoa. Utawala wa Kibelgiji ulikipiga marufuku chama hicho mwaka 1948. Haidaiwi hapa kwamba enzi hiyo ilikuwa ya amani tupu. Linalodaiwa ni kwamba nchi isiyo na dola haikuwa kwa sababu hiyo nchi isiyo na utaratibu, na kwamba utaratibu uliokuwapo haukujivunjikia wenyewe.

Baadaye riziki ya eneo ilishikamana na madini. Mwaka 1976 makampuni kadhaa yaliunganishwa na kuwa Sominki, iliyochimba kasiteriti na dhahabu katika Kivu na Maniema. Mwaka 1982 serikali ya Mobutu iliruhusu raia kuchimba na kuuza madini fulani kwa mikono yao. Mwezi Oktoba 1985 Baraza la Kimataifa la Bati lilishindwa kuendelea kuitegemeza bei, nayo bei ya bati ikaporomoka duniani kote. Sominki ilidhoofika mwaka hata mwaka, ikafikia kikomo mwaka 1997. Pamoja nayo zilikwenda kazi za mishahara, na matengenezo ya barabara yalikoma. Njia ya kutoka Bukavu kupitia Burhale na Kigulube iliachwa kwa mvua na msitu, hata chumvi na sabuni zikawa zinafika Shabunda kwa ndege ndogo na kuuzwa kwa bei ya ndege.

Hapa pana jambo la kutiliwa maanani. Kati ya mwaka 1985 na 1996 Shabunda ilifukarika kwa kasi kubwa, lakini haikuasi. Watu waliokuwa na mshahara walibaki na koleo na karai, wakaingia msituni kuchimba. Miaka kumi na moja ya kufukarika haikuzaa jeshi la waasi. Vita vilikuja kutoka nje, mwishoni mwa mwaka 1996, baada ya kambi za wakimbizi wa Rwanda zilizokuwa karibu na Bukavu kushambuliwa na wakimbizi hao kukimbilia magharibi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 iliorodhesha mauaji ya wakimbizi hao katika teritwari ya Shabunda. Wale waliobaki na silaha, ambao baadaye walijulikana kama FDLR, waliufanya msitu kuwa makao.

Katika vita vya mwaka 1998 hadi 2003, mji wa Shabunda ulikuwa mikononi mwa wapiganaji wa RCD, na msitu unaouzunguka ulikuwa mikononi mwa Mai-Mai na makundi mengine. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2002 ilieleza yaliyowapata wanawake waliotoka mjini kwenda mashambani: walikamatwa, walibakwa, na wengine walishikiliwa msituni kwa muda mrefu. Mwanamke asiyeweza kufika shambani hawezi kulisha nyumba yake. Katika mfano huu mshale wa sababu umegeuka. Njaa ya Shabunda haikuwa mama wa vita bali mtoto wake.

5. Fedha mahali pasipo na mlinzi

Iwapo umaskini ndio unaoita silaha, basi fedha zingezifukuza. Historia ya madini ya eneo hili inaonyesha kinyume chake. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda duniani kwa kiasi kisichowahi kuonekana, kisha ikaanguka mwaka 2001. Raúl Sánchez de la Sierra, aliyekusanya historia za vijiji vingi vya Kivu na kuchapisha matokeo mwaka 2020, alionyesha kwamba bei ilipopanda, makundi yenye silaha yalihamia kwenye vijiji vya koltani, yakajenga vituo, yakatoza kodi na hata kutoa ulinzi wa aina fulani. Koltani ni nzito na huonekana. Ni rahisi kuitoza. Dhahabu hufichwa katika mfuko wa shati, na kwa hiyo ilipopanda bei makundi yalitafuta njia nyingine za kuwatoza watu.

Mto Ulindi ulitoa mfano mwingine mwaka 2014 na 2015. Mashine za kunyonya mchanga zilipofika mtoni, dhahabu ilitoka kwa wingi. Shirika la Global Witness, katika ripoti yake ya mwaka 2016, lilikadiria thamani yake kufikia dola milioni 38 kwa mwaka, na likaeleza jinsi makundi yenye silaha yalivyojipatia sehemu kwa kuwatoza wachimbaji. Fedha nyingi kiasi hicho hazikujenga barabara wala hospitali Shabunda, na bunduki hazikupungua. Mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS walihesabu vizuizi 798 vya barabarani katika Kivu mbili, 486 kati yake vikiwa Kivu ya Kusini. Kwenye vizuizi hivyo, ambavyo wenyeji huviita bariyeri, hutoza waasi, na hutoza pia askari wa serikali.

Mfano wa Colombia waweza kulitia jambo hili nuru. Oeindrila Dube na Juan Vargas, waliochapisha utafiti wao mwaka 2013, waliona kwamba bei ya kahawa iliposhuka vita viliongezeka katika wilaya za kahawa, kwa kuwa ujira wa vibarua ulipungua. Lakini bei ya mafuta ilipopanda vita viliongezeka katika wilaya za mafuta, kwa kuwa kulikuwa na kitu cha kunyang'anyana. Kumbe jambo la kuuliza si kama watu ni maskini au matajiri, bali mali ya mahali hupita katika mikono ya nani, na nani aliye na uwezo wa kuizuia njiani. Kahawa hupita katika mikono ya vibarua wengi. Koltani hupita penye bariyeri moja.

6. Kauli ya kutendeka

Sasa yafaa kuigeukia lugha. Katika taarifa za Kiswahili kuhusu Kivu husomwa sentensi kama hizi: usalama umevurugika, barabara zimeharibika, dola imedhoofika, amani imetoweka, watu wamefukarika. Msomaji makini atatambua kwamba takribani vitenzi vyote hivyo vina kiambishi cha kauli ya kutendeka, yaani -ik- au -ek-, au vinafanya kazi kama vilivyo nacho. Sarufi ya Kiswahili inatofautisha bayana kauli hiyo na kauli ya kutendwa. Asemaye barabara imeharibiwa anaweza kuulizwa imeharibiwa na nani, na kiunganishi na kiko tayari kumtaja mtenda. Asemaye barabara imeharibika hawezi kuulizwa hivyo bila kuivunja sarufi. Kauli ya kutendeka huieleza hali na kumficha aliyeisababisha, kama kwamba kitu kimejiharibia chenyewe.

Neno tete lina tabia hiyo hiyo. Magazetini hali tete ni hali inayoweza kuharibika wakati wowote. Ni kivumishi kinachoutia udhaifu ndani ya kitu chenyewe, kama udhaifu wa chungu kibichi. Kuiita nchi tete ni kusema kwamba ilifinyangwa vibaya. Si kusema kwamba ilipigwa. Lakini historia iliyosimuliwa hapo juu ina watenda wengi wenye majina: serikali iliyoacha kutengeneza barabara, soko la bati lililoanguka, majeshi yaliyovuka mpaka, makamanda waliotoza kodi. Maneno tete na kufukarika huwafuta wote hao kwa mkupuo mmoja.

Neno maskini nalo linastahili kuangaliwa. Lilifika Kiswahili kutoka Kiarabu, na wanalugha wa Kiarabu wa kale walilihusisha na mzizi s-k-n, wenye maana ya kutulia. Utafiti wa baadaye umelihusisha na neno la Kiakadia, lugha ya Mesopotamia ya zamani. Kwa ufahamu wa wale wanalugha wa kale, maskini ni mtu aliyetulizwa, ambaye ukosefu umemwondolea nguvu ya kujongea. Ufafanuzi huo hauthibitishi jambo lolote juu ya Shabunda. Lakini unakumbusha kwamba wazo la maskini kama mtu wa hatari si la lazima, na kwamba watu wengine walimwona kuwa kinyume chake.

7. Raia Mutomboki: jina kama hoja

Mwaka 2005, kusini mwa Shabunda, baada ya FDLR kuwaua wanakijiji, lilizuka kundi la kujilinda likiongozwa na Jean Musumbu. Lilijiita Raia Mutomboki. Lilirudi kwa nguvu mwaka 2011, serikali ilipoyaondoa majeshi yake Shabunda ili kuyapanga upya katika vikosi vipya, na nafasi iliyoachwa wazi ikajazwa na FDLR. Kutoka hapo jina lilisambaa hadi Kalehe, Walikale na Masisi, likichukuliwa na makundi yasiyokuwa na amiri mmoja.

Jina hili ni la Kiswahili cha Kongo, na msomaji wa pwani asidanganywe na mfanano wa sauti. Kutomboka, kitenzi ambacho Lingala pia inacho, ni kuinuka kwa hasira, kuasi. Katika Lingala kina mwenzake kotombola, kuinua. Jozi hiyo imeundwa kama inuka na inua katika Kiswahili. Kwa kuongeza mu- ya ngeli ya kwanza na -i ya mtenda, ile ile iliyomo katika mlinzi na mwizi, hupatikana mutomboki: aliyejiinua mwenyewe. Basi watu ambao taarifa zinawaweka katika kauli ya kutendeka walijiundia nomino ya mtenda.

Neno la kwanza lina uzito zaidi. Raia ni Kiarabu, na asili yake ni kundi la mifugo, kisha watu walio chini ya mtawala, wanaochungwa naye. Katika Kiswahili cha leo ni mtu mwenye haki katika nchi yake. Maana zote mbili zinafaa hapa. Raia ni mtu aliye na mchungaji. Raia aliyetomboka ni yule ambaye mchungaji wake ameondoka na kumwachia fisi. Kundi hilo lilizaliwa katika moja ya sehemu zenye shida kubwa kabisa nchini, na lingeweza kujiita maskini waliochoka, au wachimbaji, au Warega. Halikufanya hivyo. Lilijiita kwa jina la uhusiano kati ya mtu na dola, na dai lililomo ndani yake ni dai la ulinzi. Mfuatano wa tarehe unaliunga mkono: umaskini ulikuwapo mwaka 1990, ulikuwapo mwaka 2000; kilichotangulia mwaka 2005 ni mauaji, na kilichotangulia mwaka 2011 ni kuondoka kwa askari.

Hata hivyo, uhakiki ungekuwa nusu kama ungeishia kwenye jina. Jina ni dai, si mwenendo. Makundi yaliyolibeba yaliwaua watu wasio na silaha wenye asili ya Rwanda pamoja na familia za FDLR, yaligawanyika, yalipigania migodi, na yalikuwa miongoni mwa yale yaliyowatoza wachimbaji wa Ulindi. Raia aliyetomboka alimtoza raia mwenzake. Baada ya vita vya M23 kufufuka, vikundi vingi vya namna hii viliingizwa katika jina jipya, Wazalendo, vikipigana upande wa serikali. Badiliko hilo la neno si dogo. Raia huidai serikali. Mzalendo huitetea nchi. Deni la ulinzi, lililokuwa ndani ya jina la kwanza, halimo ndani ya jina la pili. Mwezi Februari 2025 M23 iliingia Bukavu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba jeshi la Rwanda liliisaidia M23, jambo ambalo Rwanda imelikana. Kwa vyovyote vile, kuuteka mji wa Bukavu hakuwezi kuelezwa kwa ufukara wa vijana wa vijijini.

8. Gharama ya usomaji finyu

Huenda mtu akauliza kama ubishi huu wa maneno una faida yoyote kwa anayeishi Shabunda. Jibu lilipatikana mwaka 2010. Mwezi Julai mwaka huo Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kiliyataka makampuni yaeleze kama madini yao yanatoka Kongo na nchi jirani. Mwezi Septemba Rais Joseph Kabila aliufunga uchimbaji katika Kivu mbili na Maniema, na marufuku hiyo ilidumu hadi Machi 2011. Wazo lilikuwa kwamba madini ndiyo yanayolisha vita, na kwamba mfereji ukizibwa vita vitakauka.

Dominic Parker na Bryan Vadheim, katika utafiti wa mwaka 2017, waliona kwamba uporaji dhidi ya raia uliongezeka, na mapigano yalihamia kwenye maeneo ya dhahabu ambayo hayakudhibitiwa. Utafiti mwingine, wa Parker, Jeremy Foltz na David Elsea, wa mwaka 2016, ulionyesha kwamba vifo vya watoto wachanga viliongezeka katika vijiji vilivyo karibu na migodi iliyobanwa na sera hiyo. Mama aliyetegemea fedha za kasiteriti kwa kununua dawa alikosa fedha hizo.

Mtetezi wa hoja ya umaskini angeweza kusema kwamba matokeo haya yanamthibitisha: kipato kiliondoka, ghasia zikaja. Pingamizi hilo ni la haki, lakini lina dosari moja. Walioongeza ghasia ni watu waliokuwa na bunduki tayari. Walipokosa kodi ya mgodi waligeukia mbuzi na akiba za nyumbani. Ufukara wa ghafla haukuwafanya wanyonge kuwa majambazi. Uliwafanya kuwa windo jepesi zaidi. Kasoro ya sera hiyo ni kwamba iliyaona madini na iliuona umaskini, lakini haikuuliza nani angesimama kati ya mwenye bunduki na asiye nayo.

9. Hitimisho

Makala haya hayakanushi kwamba umaskini na machafuko vina uhusiano. Ushahidi wa mvua unabaki, na ushahidi wa kahawa unabaki. Yanayokanushwa ni mambo matatu: kwamba umaskini hutosha kueleza vita, kwamba mshale wa sababu huelekea upande mmoja, na kwamba maskini ndiye mtu wa kuchunguzwa kwanza. Mfano wa Shabunda unaonyesha watu waliofukarishwa kwa miaka mingi bila kuasi, wakavamiwa, wakaachwa na wenye wajibu wa kuwalinda, kisha baadhi yao wakashika silaha kwa jina la uraia, na hatimaye silaha hizo zikawageukia.

Kwa waalimu na wafasiri wa Kiswahili funzo ni dogo lakini la lazima. Pale mtenda anapojulikana, kauli ya kutendwa itumike, naye atajwe: barabara imetelekezwa na fulani, kijiji kimechomwa na fulani. Pale asipojulikana, isemwe kuwa hajulikani, badala ya kusema kwamba kitu kimejivunjikia. Neno tete likitumika, msikilizaji apewe pia habari ya aliyekivunja kitu hicho. Na anayezungumziwa aitwe kwanza raia, kisha ndipo ielezwe hali yake ya mali, kwa kuwa maskini anaweza kuhurumiwa bila kulindwa, lakini raia anadai kulindwa.

Katika lugha za eneo hili, Kinyarwanda, Kirundi na Lingala, na katika Kiswahili cha Kongo pia, dola huitwa Leta, kutokana na Kifaransa. Ni sadfa tu kwamba kwa sikio la Mswahili neno hilo ni amri ya kuleta. Lakini mtu wa Shabunda anayelipa bariyeri ya waasi asubuhi na bariyeri ya askari jioni anajua vizuri nani huleta na nani huchukua. Nadharia isiyoweza kuitofautisha bariyeri moja na nyingine, wala kumtofautisha anayetoza na anayetozwa, bado haijaielewa Shabunda, hata kama tarakimu zake ni sahihi.